Uzi: Profesa Paulraj, kutoka sonar za manowari hadi antena za ruta yako

Fundi_Mkomani (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wanajamvi. Kwenye ule uzi wa ruta mpya nilimuahidi kijana mmoja wa Faza, huku kwetu Lamu, kwamba nitamweleza ni nani hasa aliyetuletea mambo ya antena nyingi kutuma na kupokea kwa pamoja, yaani MIMO. Jibu likawa refu, nikaona heri lipate uzi wake. Wenye haraka mnaruhusiwa kupita.

Jina ni Arogyaswami Paulraj. Kazaliwa India mwaka 1944, na sasa ni profesa mstaafu wa uhandisi wa umeme pale Stanford, Marekani. Ukimtafuta mtandaoni utaletewa tuzo kwanza: Padma Bhushan ya serikali ya India mwaka 2010, Medali ya Alexander Graham Bell ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, mwaka 2011, Tuzo ya Marconi mwaka 2014. Hizo someni wenyewe. Kilichonikalisha kitako mimi ni kwamba huyu bwana alianza maisha ya chuo pale Stanford akiwa anakaribia miaka hamsini, na kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi wa majini. Wanaomwandika hupita hapo mbio ili wafike Silicon Valley. Mimi naona wameruka penyewe hasa.

Aliingia jeshi la wanamaji la India akiwa kijana wa miaka kumi na tano hivi. Jeshi likamsomesha uhandisi, kisha likampeleka chuo cha teknolojia cha IIT Delhi akachukue shahada ya uzamili. Walimu wake walipoona kazi yake wakamvusha moja kwa moja kwenye uzamivu, akaumaliza 1973. Katikati ya masomo hayo ikaingia vita.

Tarehe 9 Desemba 1971, kwenye Bahari ya Arabu karibu na Diu, nyambizi ya Pakistan iitwayo Hangor iliipiga torpido manowari ya India INS Khukri. Wakafa maafisa 18 na mabaharia 176. Nahodha wake, Mulla, hakutoka, akazama na chombo chake. Na Khukri ilikuwa imetumwa kuwinda nyambizi! Mwindaji kawindwa kwa sababu masikio yake yalikuwa mafupi.

Baada ya hapo Paulraj akapewa kazi ya sonar, mitambo ya kusikiliza na kutafuta vitu majini kwa sauti. Kwanza aliziboresha zile za Kiingereza zilizokuwa kwenye meli, kisha akaongoza mradi wa kutengeneza sonar ya kwao wenyewe, APSOH, iliyoingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini. Hapo ndipo alipojifunza yale aliyokuja kuyatumia kwenye simu. Nitaendelea, ngoja nimalizie kazi ya watu hapa Shela.

Nahodha_Kizingitini

Fundi, hii mashine yangu ya kutafutia samaki si sonar hiyo hiyo? Ina kichwa kimoja chini ya mashua, inanionyesha kina na samaki. Huyo profesa aliongeza nini?

Fundi_Mkomani

Ni ndugu moja, nahodha. Mashine yako inapiga sauti chini na kusubiri mwangwi. Sauti majini hukimbia kama mita 1500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, sauti imekwenda mita 60, thelathini kushuka na thelathini kupanda, basi hapo kina ni mita 30. Kichwa kimoja kinatosha kwa sababu unajua unatazama chini.

Manowari inataka kujua *upande*. Nyambizi iko kushoto, kulia au nyuma? Hapo unahitaji masikio mengi yaliyopangwa. Sauti inayotoka ubavuni hufika sikio la kwanza kabla ya la pili, la pili kabla ya la tatu. Ukipima tofauti hizo ndogo ndogo za muda unapata upande. Kazi ngumu ni kwamba bahari haina adabu: mwangwi wa sakafu, mwangwi wa uso wa maji, kelele za propela yako mwenyewe, vyote vinaingia kwenye masikio yale yale kwa wakati mmoja. Kumbe kazi ya Paulraj haikuwa kusikia tu. Ilikuwa kutenganisha vitu vilivyochanganyika, kwa kutumia masikio mengi na hesabu.

Sasa tazameni hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Sauti ya kilohezi 10 majini ina wimbi la urefu wa sentimita 15. Redio ya gigahezi 2 hewani, jirani kabisa na masafa ya simu na Wi-Fi, nayo ina wimbi la sentimita 15. Moja ni sauti majini, nyingine ni sumakuumeme hewani, kasi zao hazikaribiani hata kidogo, lakini urefu wa wimbi ni ule ule. Kwa hivyo nafasi kati ya sikio na sikio, na hesabu za kutafuta upande, zinahama karibu kama zilivyo. Mtu aliyekula chumvi kwenye sonar hakuwa mgeni kwenye redio.

Ngoma_Ya_Pate

Kwa hivyo hizi antena ndizo zinazolimaliza bando langu?

Fundi_Mkomani

Bando lako linamalizwa na video za mpira, yakhe. Antena zinalimaliza *haraka zaidi* tu.

Binti_Langoni

Shikamoo kaka Fundi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Darasani tunafundishwa kwamba mawimbi kufika kwa njia nyingi ni ugonjwa: la moja kwa moja linafika, lililogonga ukuta linafika limechelewa, yakikutana yanauana na simu inakatika. Sura nzima ya kitabu ni dawa za ugonjwa huo. Halafu sura inayofuata tunaambiwa MIMO inaupenda ugonjwa huo huo. Mhadhiri aliandika matriksi ubaoni akaondoka. Nisaidie.

Fundi_Mkomani

Marahaba dada. Acha matriksi kwanza, shika hesabu ya skuli.

Antena mbili zinatuma kwa pamoja, masafa yale yale, sekunde ile ile. Moja inatuma namba A, nyingine B. Kwenye simu kuna antena mbili za kupokea, na kila moja inasikia mchanganyiko. Tuseme ya kwanza imesikia A + B = 7, na ya pili imesikia 2A + B = 10. Umepata, A ni 3 na B ni 4. Namba mbili zimepita pale ambapo zamani ilipita moja, bila kuongeza masafa hata kidogo.

Sasa tuseme uko uwanja mtupu, hakuna ukuta wala mti, antena zote zimebanana. Ya kwanza imesikia A + B = 7, ya pili imesikia 2A + 2B = 14. Umekwama. Ni mlinganyo ule ule umerudiwa. Kuta, mabati na vichochoro ndivyo vinavyofanya kila antena isikie mchanganyiko wa aina yake. Ndiyo maana MIMO inaupenda ugonjwa.

Na kwa nini watu wakajali? Kwa sababu Claude Shannon alishaonyesha mwaka 1948 kwamba nguvu ina ubahili wake. Mawimbi yakiwa tayari yana nguvu ya kutosha, ukiongeza nguvu ya mtambo maradufu unapata nyongeza ya biti 1 tu kwa sekunde kwa kila hezi. Ukiiongeza maradufu tena, biti 1 nyingine. Unachoma dizeli ya jenereta kwa faida ndogo. Lakini ukiongeza antena pande zote mbili, uwezo unakua karibu kwa idadi ya antena: nne kwa nne, karibu mara nne.

Narudi kwa bwana wetu. Kuanzia 1983 hadi 1986 alikuwa Stanford kama mgeni, kwenye kundi la Thomas Kailath, profesa mwingine mzaliwa wa India. Yeye, Kailath na Richard Roy ndio waliotoa ESPRIT, mbinu ya kukisia pande yanakotoka mawimbi kwa kutumia jozi za vipokezi. (Binti, hiyo utakutana nayo mwaka wa nne. Usiiogope, ni sonar imevaa shati jipya.) Akarudi India, akawa mkurugenzi mwanzilishi wa kituo cha akili unde na roboti cha wizara ya ulinzi. Mwaka 1991 akastaafu jeshi kwa cheo cha komodoro, akarudi Stanford.

Hapo akawa anashughulikia kutenganisha mawimbi ya redio kutoka vyanzo viwili vinavyotumia masafa mamoja. Mbinu za zamani zinataka vyanzo viwe pande mbalimbali. Vikikaribiana, zinashindwa. Yeye akaona kwamba palipokuwa na vitu vingi vya kuyatawanya mawimbi, vyanzo vilitengana hata vikiwa karibu. Mtu mwingine angesema vipimo vimeharibika. Yeye alikuwa ameishi miaka na mwangwi. Akajiuliza: kama fujo inanisaidia kutenganisha, mbona nisiwe mimi mwenyewe ninayetuma mambo mawili tofauti kwa makusudi? Ombi la hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi), yeye na Kailath, liliwekwa 1992 na likakubaliwa 1994.

Mwalimu_Amu

Nakuunga mkono mengi, Fundi, ila usimpe mtu mmoja dau zima. Emre Telatar na Gerard Foschini pale Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu Marekani, ndio walioandika hesabu ya uwezo wa antena nyingi katikati ya miaka ya tisini, na kundi la Foschini likaonyesha mfumo wa maabara unaofanya kazi. Wahandisi wengi walianza kuamini baada ya hapo.

Fundi_Mkomani

Mwalimu, heshima yako. Sina ugomvi na Foschini wala Telatar, bila hesabu yao tungekuwa tunabahatisha. Lakini hataza ya 1992 ilitangulia, na hoja yangu ni jinsi mtu alivyofika kwenye wazo. Bell Labs walifika kwa kalamu. Huyu alifika kwa kuwa na masikio yaliyozoea kelele. Njia zote mbili ni halali, ila hiyo ya pili haisimuliwi.

Na hakuishia kwenye karatasi. Wataalamu wengi walisema haitatoka maabara: antena nyingi kwenye kifaa kidogo, hesabu nzito, betri ndogo. Mwaka 1998 akaanzisha kampuni, Iospan Wireless, iliyounganisha MIMO na OFDM. OFDM ni ile ya kuligawa bomba moja pana kuwa vijibomba vingi vyembamba ili kila kimoja kiwe na mlinganyo mwepesi. Intel ikaja kuinunua. Akashiriki kuanzisha nyingine, Beceem, ya chipu za 4G, nayo ikanunuliwa na Broadcom mwaka 2010. Wi-Fi ilipopata kiwango cha 802.11n mwaka 2009, MIMO ilikuwa ndani. LTE, ile ya simu za 4G, nayo hivyo hivyo. Hiyo simu unayosomea uzi huu inatatua milinganyo yake kila dakika bila kukuuliza.

Mzee_wa_Ngomeni

Mimi niko huku upande wa Malindi. Mnasifu India, sawa, lakini msisahau profesa mwingine ambaye alama zake ziko ufukweni kwetu. Luigi Broglio, Mtaliano. Ndiye aliyeleta majukwaa ya kurushia roketi kwenye ghuba ya Ungwana. Urushaji wa kwanza wa satelaiti pale ni Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, ikaruka satelaiti ya kuchunguza miali-eksi ya angani ikaitwa Uhuru. Ya mwisho 1988. Madishi yapo mpaka leo yanafuatilia satelaiti za watu. Wajukuu zangu wanayaona kila wakienda skuli na hakuna anayewaambia yanasikiliza nini.

Fundi_Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la mwisho ulilosema linahitaji uzi wake, na wewe ndiye wa kuufungua.

Kijana_Hindi

Nami niseme ukweli. Hadithi tamu, lakini ni ya nchi iliyoamua. Jeshi lilimlipia masomo, likampa maabara, likampa meli za kujaribia. Hapa mhadhiri anagoma kwa ajili ya mshahara, mwanafunzi anafanya mradi wa mwisho kwa vipuri vya kununua mwenyewe, kisha anakuja kuuza laini za simu. Nilisoma mahali ambapo kifaa cha kupimia masafa kilifungiwa kabatini na ufunguo ukawa na mtu ambaye hayuko. Paulraj wa hapa angefikaje?

Fundi_Mkomani

Sitakupinga kwa hilo la kabati, nimeyaona mengine kama hayo. Wala sikuandika ili mtu aambiwe "jitahidi utafika". Nitaongeza jambo moja tu. Jeshi halikumpa pesa peke yake. Lilimpa *shida* yenye mwenyewe: watu 194 wamekufa, meli nyingine ziko baharini, sonar iwe imeboreshwa. Miradi mingi ya vyuo vyetu haina mwenyewe. Unatengeneza taa inayowashwa kwa simu, unapewa alama, inatupwa. Na huku bahari yetu imejaa shida za mawasiliano ambazo hakuna kitabu cha Ulaya kitakachokuja kuzitatua, kwa sababu hawana mji wa mawe wenye vichochoro vya mikono miwili na visiwa vinavyounganishwa na madishi juu ya maji.

Binti_Langoni

Kaka, hilo la mji wa mawe ndilo nililotaka kuuliza. Nyumbani kwetu kuta ni za matumbawe, nene. Ruta iko ukumbini, na chumba cha ndani hakuna kitu. Mbona MIMO haisaidii kama inapenda kuta?

Fundi_Mkomani

Inapenda kuta zinazo*rudisha* mawimbi, dada, si zinazoyala. Ukuta wa matumbawe na chokaa wa nusu mita unayameza, hasa ukiwa na unyevu. Usihangaike na pembe za ruta. Vuta waya mpaka chumba cha ndani uweke kifaa cha pili, au uielekeze ruta kwenye uwazi wa kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, mawimbi yateremke na ngazi. Na tumia gigahezi 2.4 kwa chumba hicho, ile ya 5 huchoka mapema zaidi ukutani.

Seremala_wa_Siyu

Fundi, maadamu umetaja madishi juu ya maji. Nina kiunganishi cha redio cha gigahezi 5.8, dishi kwa dishi, kinachovuka mkono wa bahari. Maji yakiwa nusu, kinakwenda vizuri. Yakijaa bamvua, yale maji makuu, kinakufa saa nzima, kisha kinafufuka chenyewe. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, hakina shida. Aliyeniuzia alisema ni chumvi imeingia kwenye koneta. Nimebadilisha koneta, wapi!

Fundi_Mkomani

Acha koneta. Hilo ni njia mbili: wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga maji katikati na kufika nalo. Kwa pembe ndogo kama hiyo bahari ni kioo, hata ikiwa na viwimbi vya nusu mita.

Hesabu ya mfano. Umbali kilomita 5, madishi yote mita 20 juu ya maji. Njia ya kugonga maji inazidi ya moja kwa moja kwa 2 × 20 × 20 ÷ 5000, yaani mita 0.16, sentimita 16. Maji yakishuka mita moja na nusu, kimo kinakuwa 21.5, na tofauti inakuwa kama sentimita 18.5. Imeongezeka sentimita 2.5. Wimbi la gigahezi 5.8 lina sentimita 5.2 hivi, kwa hivyo umesogea karibu nusu wimbi. Kama mwanzo mawimbi yalikuwa yanasaidiana, sasa yanauana. Maji yakishuka mita 3, wimbi zima, mmerudi kusaidiana. Kwako shimo, pale mawimbi yanapouana, limeangukia kwenye maji makuu. Maji mafu hayafiki kimo hicho, ndiyo maana hakifi.

Seremala_wa_Siyu

Lakini redio yangu imeandikwa MIMO 2x2. Si ingetenganisha?

Fundi_Mkomani

Hiyo 2x2 ya madishi hutumia wimbi lililosimama na lililolala, kwa sababu juu ya maji hakuna kuta za kuleta milinganyo tofauti. Nzuri kwa kasi. Lakini yote mawili yanapita njia zile zile na kugonga maji yale yale, basi yanafifia karibu pamoja. Dawa yako ni ya zamani kuliko MIMO: dishi la pili kwenye nguzo hiyo hiyo, kimo kingine. Kwa vipimo vya mfano wangu, 0.052 × 5000 ÷ (4 × 20), inatoka mita 3.25 kati ya dishi na dishi. Moja likiwa shimoni, lingine liko kileleni. Redio ya pili iunge na mnara ule ule wa ng'ambo, kisha ruta ichague iliyo hai. Pima vimo vyako halisi kwanza, kutoka usoni mwa maji, si kutoka ardhini. Na usilishushe mpaka mikoko ikaliziba.

Mwalimu_Amu

Fundi, hesabu hii naichukua kesho kidato cha nne. Seremala, ukikubali, andika kimo cha maji na nguvu ya mawimbi kila saa siku za bamvua utuwekee hapa. Wanafunzi watachora wenyewe.

Seremala_wa_Siyu

Nitaandika, mwalimu. Nguzo ina nafasi mita nne chini ya dishi, na dishi la zamani ninalo. Sina bano za kufungia nguzo ya inchi mbili.

Nahodha_Kizingitini

Ninazo jozi mbili, zilikuwa za mlingoti wa redio ya boti. Kesho nashuka na maji ya asubuhi, nitakupitishia hapo Siyu. Uwe na spana ya 13, yangu iliangukia majini.